Shindano Refu Si Shindano Fupi Mara Mbili: Hesabu ya Nishati katika Triathloni

Mwezi Februari 1982, katika mji wa Kailua-Kona kisiwani Hawaii, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, Julie Moss kutoka California, alikuwa akiwaongoza wanawake wote katika shindano la kuogelea kilometa 3.8, kuendesha baiskeli kilometa 180 na kukimbia kilometa 42. Hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alikuwa akisomea elimu ya viungo, na alijiandikisha ili apate habari za kuandikia tasnifu yake. Masafa hayo hakuwa amewahi kuyashindania kabla ya siku hiyo. Mstari wa mwisho ukiwa tayari unaonekana, miguu yake ilikataa kumbeba. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Mshindani mwenziwe, Kathleen McCartney, akampita zikiwa zimebaki hatua chache tu, naye Moss akaumaliza mwendo kwa kutambaa, sekunde 29 baadaye.

Wengi waliolitazama tukio hilo katika televisheni walistaajabia ushujaa wake. Mwanasayansi naye hustaajabu, lakini huuliza swali jingine. Moyo wa mwanamichezo huyo ulikuwa ukipiga, mapafu yakivuta hewa, na mfupa hata mmoja haukuvunjika. Ni kitu gani basi kilichokwisha? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya mwenyewe.

Masafa ya triathloni

Triathloni ni shindano la michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, baiskeli na mbio za miguu. Shindano la kwanza lililoitwa kwa jina hilo katika Marekani lilifanyika Mission Bay, San Diego, tarehe 25 Septemba 1974. Mwaka 1978 lilifuata shindano refu la Hawaii, ambako watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000.

Anayeanza mchezo huu kwa kawaida hujaribu kwanza masafa mafupi: kuogelea meta 750, baiskeli kilometa 20 na mbio kilometa 5. Akiyazoea, huyatazamia masafa ya Olimpiki, ambayo ni maradufu kamili: meta 1,500, kilometa 40 na kilometa 10. Hapo ndipo kosa la hesabu huanza. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa umbali umeongezeka mara mbili, atafanya yale yale aliyoyafanya zamani, ila kwa muda maradufu. Mwili haukubaliani na dhana hiyo.

Maghala mawili ya mwili

Msuli unaofanya kazi huhitaji nishati, na nishati hiyo hutoka hasa katika maghala mawili. La kwanza ni la mafuta. Mtu mwembamba wa kilo 65 anaweza kuwa na kilo 10 za mafuta mwilini. Kila gramu hutoa kilojuli 37, hivyo ghala hilo lina kilojuli 370,000, kiasi ambacho shindano lolote haliwezi kukimaliza.

Ghala la pili ni la glikojeni, yaani wanga ambao mwili huuhifadhi katika ini na misuli. Mtu aliyefanya mazoezi na kula vizuri huwa na gramu 100 hivi katika ini na gramu 400 katika misuli. Kwa kuwa gramu moja hutoa kilojuli 17, jumla ni kilojuli 8,500 tu.

Mbona basi mwili usiyatumie mafuta peke yake? Sababu ni kwamba mafuta hutoa nishati polepole. Ni lazima yatolewe yalikohifadhiwa, yasafirishwe na damu hadi kwenye misuli, na kuchomwa kwake hudai oksijeni nyingi zaidi kwa kila kilojuli moja. Mtu anayetembea hutumia mafuta kwa wingi. Kadiri anavyoongeza mwendo, ndivyo misuli inavyozidi kuitegemea glikojeni.

Kuna sharti jingine. Glikojeni iliyomo katika msuli haiwezi kuazimwa na msuli mwingine, kwa maana msuli hauna kimeng'enya cha kuirudisha glukosi katika damu. Ini linacho. Kwa hiyo akiba ya mikono haiwezi kuiokoa miguu iliyoishiwa. Tukikadiria kwamba nusu ya glikojeni ya misuli imo katika miguu, mwendesha baiskeli ana gramu 200 za miguu na gramu 100 za ini, ambazo kwa pamoja ni kilojuli 5,100. Hiyo ndiyo fedha aliyo nayo mfukoni.

Hesabu ya mwanamichezo wa kilo 65

Tuchukue mfano wa mwanamichezo wa kilo 65 anayeyajaribu masafa ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Tarakimu hizi ni za makadirio, lakini zinatosha kuonyesha uhusiano wa mambo.

Kuogelea kwa dakika 35 kutamgharimu kilojuli 1,500 hivi, na mikono ndiyo itakayofanya sehemu kubwa ya kazi. Akiendesha baiskeli kwa kilometa 30 kwa saa, atatumia dakika 80. Kanyagio zikipokea wati 180, kazi iliyofanyika ni kilojuli 864. Lakini misuli hugeuza takribani asilimia 24 tu ya nishati kuwa kazi, kwa hiyo gharama halisi ni kilojuli 3,600. Mbio hugharimu takribani kilojuli 4.2 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilometa. Kwa kilometa 10, hizo ni kilojuli 2,730.

Baiskeli na mbio kwa pamoja zinadai kilojuli 6,330. Kwa mwendo wa kadiri, theluthi mbili hivi za nishati hiyo, yaani kilojuli 4,220, zitatoka katika wanga. Mfukoni mna 5,100. Mwanamichezo atafika, na atabakiza kidogo.

Sasa tuseme kwamba, kwa furaha ya kutoka majini salama na kuwaona wenzake mbele yake, anaiendesha baiskeli kwa kilometa 33 kwa saa. Ongezeko hilo ni asilimia 10 tu. Lakini ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo gharama ya baiskeli hupanda hadi karibu kilojuli 4,300. Pamoja na mbio, jumla ni kilojuli 7,030. Tena, kwa kuwa anajikaza zaidi, sehemu inayotoka katika wanga sasa ni kama asilimia 85, yaani kilojuli 5,975. Amepungukiwa na kilojuli 875.

Upungufu huo utaonekana wapi? Kila kilometa ya mbio humdai kilojuli 232 za wanga. Tukigawa 875 kwa 232 tunapata 3.8. Maana yake ni kwamba akiba itakwisha baada ya kilometa 6 hivi za mbio, zikiwa zimebaki karibu 4. Hapo miguu huwa mizito, kichwa huzunguka kwa sababu ubongo nao huitegemea sukari ya damu, na mkimbiaji hugeuka kuwa mtembeaji. Katika baiskeli alijipatia dakika 7. Akitembea kilometa 3.8 kwa dakika 10 kila moja, badala ya kuzikimbia kwa dakika 6, atapoteza dakika 15.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Katika masafa mafupi kosa hilo hilo lingemdai kilojuli 2,988 tu, nazo ni chache kuliko 5,100 alizo nazo. Asingeona lolote. Shindano fupi husamehe pupa, na kwa kusamehe huko humfundisha mtu somo la uongo. Shindano refu ndilo hulidai deni.

Haba na haba

Dawa ya upungufu huo ni chakula. Utumbo waweza kupitisha gramu 60 hivi za glukosi kwa saa. Mwanamichezo atakayekula au kunywa gramu 60 za sukari akiwa juu ya baiskeli ataongeza kilojuli 1,020, nazo zinazidi upungufu uliotajwa. Lakini ni lazima aanze mapema, kidogo kidogo, kwa maana chakula kinacholiwa baada ya ghala kuwa tupu huchelewa kufika. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki hujazwa kabla ya njaa.

Katika shindano la Hawaii hilo si suala la hiari. Mtu wa kilo 65 akikimbia kilometa 42 hutumia kilojuli 11,466, na hizo za mbio peke yake zinapita glikojeni yote ya mwili. Dalili alizoonyesha Julie Moss katika meta zile za mwisho ni dalili za mwili ulioishiwa sukari na maji.

Joto na jasho

Tumeona kwamba sehemu kubwa ya nishati haiwi kazi. Huwa joto. Katika kilojuli 7,830 za shindano zima kwa mwendo wa kadiri, kama 6,200 ni joto. Kilo moja ya mwili hupanda nyuzi moja ya Selsiasi kwa kilojuli 3.5, kwa hiyo lau joto hilo lisingepata njia ya kutoka, mwili ungepanda nyuzi 27 na mtu angekufa mapema sana njiani. Kinachomwokoa ni jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke huondoa kilojuli 2,400. Lakini jasho linalodondoka chini halipozi kitu, na ndiyo sababu hewa yenye unyevu mwingi, kama ile ya pwani, ni hatari kuliko hewa kavu ya joto lile lile.

Maji yaliyopotea hurudishwa kwa kunywa, lakini si kwa kunywa bila kipimo. Anayekunywa maji matupu kupita jasho alilolitoa huizimua chumvi ya damu, na ubongo wake waweza kuvimba hata akafa. Kiu ni mwongozo mwema, na mizani husaidia: kilo moja iliyopungua baada ya saa moja au mbili za mazoezi ni takribani lita moja ya maji.

Kwa hiyo anayetoka masafa mafupi kwenda marefu hahitaji tu miguu yenye nguvu zaidi. Anahitaji kujua alicho nacho ghalani, bei ya kila kilometa, na wakati wa kujizuia angali ana nguvu. Kujizuia huko ni kugumu, kwa sababu hudaiwa saa ile ambayo mwili haujalalamika bado.

Zoezi la darasani

1. Funga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto kimoja, uache cha pili kikavu. Vipepee vyote viwili kwa dakika tano. Eleza tofauti ya nyuzi. Rudia siku ya mvua na ulinganishe.

2. Mwanamichezo wa kilo 55 anakimbia kilometa 21. Atatumia kilojuli ngapi? Ni gramu ngapi za wanga, ikiwa asilimia 70 ya nishati hiyo hutoka katika wanga?

3. Kwa nini mtu aliyechoka mikono kwa kuogelea bado aweza kuendesha baiskeli vizuri? Jibu kwa kutaja kazi ya ini na ya misuli.