Mvutano wa Dunia na Njia za Joto Ardhi: Kutoka Soitsambu hadi Ziwa Natron

Msafiri atokaye Soitsambu, katika nyanda za juu za Loliondo, akielekea mashariki hadi Ziwa Natron, hushuka zaidi ya mita 1,000. Ukingo anaoushuka ni mpasuko mkubwa wa Bonde la Ufa: magharibi ardhi imebaki juu, mashariki imezama. Huko chini, kandokando ya ziwa, hububujika chemchemi za maji moto yenye magadi. Kusini husimama Oldoinyo Lengai, uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 hadi 2008, baada ya magma kupenya chini ya ardhi karibu na mlima Gelai bila kufika juu. Joto, basi, lipo. Linalotafutwa ni njia ambayo maji moto hupandia.

Jambo hili lina gharama kubwa. Kisima kimoja kirefu cha joto ardhi hugharimu mamilioni ya dola, na kikichimbwa mahali pasipo na nyufa huweza kisitoe mvuke wowote. Wala chemchemi si alama ya kutosha, kwani maji huweza kupanda mahali fulani, kisha yakatambaa mbali chini ya mchanga kabla ya kutokeza. Mipasuko mingi ya bondeni imefukiwa na majivu ya volkano na mashapo ya ziwa, hata jicho haliioni.

Hapo ndipo kipimo cha mvutano kinapofaa. Mwamba mgumu wa kale una densiti ya gramu 2.7 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Mashapo huweza kuwa na 2.2 tu. Palipojaa mashapo, mvutano hupungua. Kwa tabaka pana, upungufu huo kwa miligali ni 0.0419 × tofauti ya densiti × unene kwa mita. Mashapo ya mita 1,000, yenye tofauti ya 0.5, huleta upungufu wa miligali 21 hivi.

Miligali moja ni takriban sehemu moja katika milioni ya mvutano wa dunia. Walimu wengi hupima mvutano darasani kwa timazi inayobembea. Lakini badiliko la miligali moja lingeipotosha saa ya timazi kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde kwa siku nzima! Kwa hiyo hutumiwa gravimita, chombo chenye kizito kidogo kilichoshikiliwa na springi nyepesi mno.

Ugumu mkubwa hauko katika chombo bali katika kimo. Kila tushukapo mita moja, mvutano huongezeka kwa miligali 0.2 hivi, hata baada ya kuhesabu mwamba tulioupita. Basi kutoka Soitsambu hadi ziwani kipimo hupanda kwa miligali 200 na zaidi, karibu mara kumi ya ile 21 tunayoitafuta. Asiyejua kimo chake barabara ataona mabonde ya mashapo yasiyokuwapo. Tena ukingo wenyewe humvuta mpimaji aliye chini yake kuelekea juu na kupunguza kipimo, na hilo nalo sharti lirekebishwe. Latitudo, mwezi na jua, na kuchoka kwa springi pia huhesabiwa.

Yakiisha marekebisho, huchorwa ramani. Mahali ambapo mvutano hubadilika kwa ghafla katika masafa mafupi, yaelekea pana mpasuko. Badiliko kama hilo likionekana pia kilomita kadhaa mashariki ya ukingo, mpasuko wa pili umejificha chini ya mashapo. Mipasuko inapokutana, mwamba huwa umevunjika zaidi, na mimi ningeanza kuchunguza hapo. Lakini nyufa huweza kuzibwa na silika au chokaa iliyoachwa na maji yenyewe, na lava nzito iliyolala kati ya mashapo huweza kuficha upungufu wote. Tena gravimita haipimi joto. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchimba, hupimwa pia jinsi ardhi inavyopitisha umeme, na gesi za chemchemi huchunguzwa.

Zoezi: Bondeni pameonekana upungufu wa miligali 42. Tafuta unene wa mashapo ikiwa tofauti ya densiti ni 0.5, kisha ikiwa ni 0.4. Majibu mawili yanatofautiana kwa mita ngapi, na ni sampuli gani ya kisima ingeweza kuamua lililo sahihi?