Mkutano wa Wasukaji wa Lesi na Mafundisho Yake

Mwezi huu twataka kusema habari za kazi ya mikono ambayo matunda yake twayaona mara nyingi, lakini wachache wetu wajua jinsi ifanywavyo. Ni kazi ya lesi. Lesi twaijua: iko kwenye magauni ya maharusi, iko pembeni mwa vitambaa vya meza, na katika makanisa mengine huzunguka kitambaa cha altare. Lakini karibu lesi yote iuzwayo madukani yatoka katika mashine. Mwaka 1809 Mwingereza mmoja, John Heathcoat, alipewa hati ya serikali ya kuilinda mashine yake iliyoweza kufanya wavu mwembamba mfano wa ule uliofanywa kwa mkono. Tangu hapo bei ya kazi ya mkono ikaanza kushuka, hata mtu angalidhani kwamba sasa hakuna aifanyaye tena.

Sivyo. Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaosafiri mbali, wengine kila mwaka, wakichukua mito yao na vijiti vyao, wapate kukaa darasani siku kadhaa na kufundishwa kusuka lesi. Hawalipwi mshahara, wao ndio wanaolipa. Wengi wao ni watu wazima, tena wazee, na baadhi yao wameifanya kazi hii kwa miaka mingi. Twataka kujua wanatafuta nini huko, na mtu akienda afanyeje apate faida.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Ziko namna mbili kubwa. Namna moja ni lesi ya sindano. Fundi hutandika nyuzi juu ya mchoro wa karatasi au ngozi, akazishikiza kwa mishono; kisha hujaza nafasi zilizo katikati kwa uzi mmoja na sindano moja, kwa mshono ule ule tutumiao kuzungushia tundu la kifungo. Kazi ikiisha, hukata ile mishono iliyoshikiza, na lesi huachana na mchoro ikawa kitu peke yake. Lesi ya Alençon katika Ufaransa ni ya namna hii. Sentimeta moja ya mraba huchukua saa saba, na fundi hufundishwa miaka saba mpaka kumi kabla ya kuitwa fundi.

Namna ya pili ni lesi ya vijiti, na hiyo mama zetu na dada zetu wa pwani wasukao ukili wataifahamu upesi kuliko Wazungu wengi, kwa maana ni kusuka. Fundi huwa na mto mgumu, ambao zamani ulijazwa majani makavu au unga wa mbao. Juu ya mto hubandika kiolezo, ndiyo karatasi nene iliyotobolewa matundu. Nyuzi huzungushwa kwenye vijiti, navyo huenda viwili viwili. Kazi ndogo ya mwanafunzi yaweza kuwa na jozi kumi. Kazi kubwa yaweza kupita jozi mia. Mtu akiona vijiti mia mbili juu ya mto mmoja hushikwa na hofu. Lakini fundi hashiki vijiti mia mbili. Hushika vinne tu, akaviacha, akashika vinne vingine. Na mienendo ya mikono ni miwili tu. Kupishanisha ni kuupitisha uzi wa pili juu ya uzi wa tatu. Kusokota ni kuupitisha uzi wa pili juu ya wa kwanza, na wa nne juu ya wa tatu. Pishanisha, sokota, pishanisha, nawe wapata mfano wa nguo iliyofumwa. Pishanisha na sokota tu, nawe wapata wavu ulio wazi. Pini huchomekwa katika tundu la kiolezo kuishika kazi mahali pake. Msukaji wa ukili huzishika chane kwa vidole. Msukaji wa lesi huziachia pini zishike, naye aendelea. Zaidi ya hayo yote ni kujua jozi ipi ikutane na ipi, na wapi. Elimu ya lesi iko hapo, na hapo ndipo penye taabu.

Basi jinsi gani elimu hiyo ilivyotunzwa? Mwaka 1557 kitabu cha violezo vya lesi ya vijiti kilipigwa chapa Venice. Mwaka 1561 kilitoka kingine Zürich, kilichotungwa na mwalimu mwanamke aliyejitaja kwa herufi mbili tu, R. M. Yeye asema kazi hiyo ilifika kwao mwaka 1536, ikiletwa na wafanyi biashara kutoka Venice. Katika milima ya Saksonia yuko Barbara Uttmann wa Annaberg, aliyefariki mwaka 1575; yeye aliwapa wanawake wengi kazi ya kusuka, na hata leo watu wa milima ile husuka. (Ni nchi ile ile ya mji wa Leipzig, ambako Misioni ilitoka ikafika Kilimanjaro mwaka 1893.)

Lakini tusidhani kwamba siku zile za kale zilikuwa njema kwa wenye kusuka. Lesi ilivaliwa na wafalme, ikafanywa na maskini. Katika Uingereza walikuwako watoto waliopelekwa kwenye shule za lesi wakiwa na umri wa miaka mitano au sita, wakaketi kutwa nzima juu ya mto, wakiimba nyimbo za kuhesabu pini. Usiku wanawake kadhaa waliuzunguka mshumaa mmoja, na mbele ya mshumaa kila mmoja aliwekewa chupa ya mviringo yenye maji, ili mwanga ukusanyike na kuangukia kazi yake. Huko Devon wafanyi biashara wengine waliwalipa kwa vitu vya dukani badala ya fedha. Na jambo lililo baya zaidi kwa elimu ni hili: mara nyingi kazi iligawanywa. Mmoja alisuka maua tu, mwingine majani, mwingine alisuka wavu wa kuyaunganisha, na kiolezo kilikuwa mali ya tajiri. Mwanamke aliweza kusuka miaka hamsini asijue jinsi kitambaa kizima kilivyofanywa. Mashine ilipokuja na ujira ukakoma, kila mmoja alirudi nyumbani na kipande chake cha maarifa, na alipokufa kipande hicho kilikwenda pamoja naye.

Tutoe mfano mmoja. Katika mji wa Ipswich, jimbo la Massachusetts, Marekani, wanawake na wasichana wapatao 600 walisuka lesi ya vijiti, na katika mwaka mmoja tu, 1789 hata 1790, hesabu yao ilifika yadi 41,979. Vipande vya lesi hiyo vilipelekwa kwa Alexander Hamilton, mkuu wa hazina ya serikali, aliyekuwa akichunguza kazi za viwanda za nchi yake. Kisha wavu wa mashine ukaja, na kazi ya Ipswich ikafa katika muda mfupi. Mikono mia sita! Hata baadaye watu walipotaka kuijua lesi ile, hakuwako bibi wa kuwaonyesha. Iliwabidi kuvitazama vile vipande vilivyohifadhiwa kwa sababu ya barua za serikali, na kuufuata kila uzi kwa macho, huku na huku, mpaka wakaweza kuchora violezo upya. Bibi Marta Cotterell Raffel alitoa kitabu cha habari zake mwaka 2003. Twasema ni bahati kwamba vile vipande vilibaki. Kazi ngapi za mikono hazikupelekwa kwa mkuu wa hazina!

Hiyo ndiyo sababu ya mikutano. Katika Marekani chama cha wapenda lesi kiliundwa mwaka 1953, nacho sasa chaitwa International Organization of Lace. Huwa na mkutano mkuu wa kila mwaka, wala haukai katika mji mmoja bali huhama. Katika Uingereza chama kiitwacho The Lace Guild kilianza mwaka 1976. Kiko tena chama cha mataifa mengi, OIDFA, ambacho mkutano wake wa mwaka 2016 ulikuwa Ljubljana, na wa mwaka 2018 ulikuwa Bruges. Mahali pengine hawakuacha kufundisha hata kidogo: shule ya lesi ya Idrija, katika Slovenia, ilianza mwaka 1876, na watoto wangali wanafundishwa humo. Mwaka 2018 Unesco iliandika kazi ya lesi ya vijiti ya Slovenia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini Idrija ni mji mmoja. Mtu akaaye peke yake mahali ambapo hakuna mwingine asukaye, yeye mkutano ndio shule yake.

Sasa, atakaye kwenda afanyeje? Mambo mengi huamuliwa kabla ya safari. Orodha ya madarasa hutolewa mapema, na mtu huchagua la kwanza apendalo na la pili, kwa kuwa darasa huchukua wachache. Hapo twaona watu wa namna mbili wakijidhulumu. Mmoja huchagua jambo alijualo tayari, kusudi asiaibike mbele ya wenziwe. Mwingine huchagua lesi iliyo nzuri kuliko zote, hali hajashika bado mienendo miwili tuliyoitaja. Siku ya pili analia. Afadhali mtu achague darasa linalompita kwa hatua moja. Lesi ya Torchon ndiyo wanayoanzia wengi, kwa sababu uzi wake ni mnene kidogo na matundu ya kiolezo chake yamepangwa kwa mistari iliyonyoka. Lesi ya Binche kutoka Ubelgiji ni nyembamba sana, wala si ya mwanzo.

Mwalimu huleta orodha ya vyombo: jozi ngapi za vijiti, uzi gani, pini za unene gani. Aagizapo kwamba nyuzi zizungushwe kwenye vijiti nyumbani, na zizungushwe nyumbani. Azungushaye darasani hupoteza asubuhi nzima aliyoilipia, na kumchelewesha mwalimu.

Darasani kwenyewe mtu hukutana na jambo lililo gumu kwa mtu mzima, yaani kuwa mwanafunzi tena. Yuko pengine mwalimu wa shule, au mganga, au bibi aliyewalea wajukuu, naye aambiwa: Mama, umepishanisha mahali pa kusokota, rudi nyuma. Kurudi nyuma katika lesi hakufanywi kwa mkasi. Kila mwendo hufumuliwa kinyume, mmoja mmoja, pini ikachomolewa, mpaka lionekane kosa. Saa nzima yaweza kwisha hivyo. Wengine huhesabu kwamba saa hiyo imepotea. Sisi twaona ndiyo saa ya kujifunza kuliko zote, maana mtu asukapo mbele aweza kufuata tu, lakini afumuapo hana budi kufahamu. Na mwalimu mwema hujulikana hapo: hauchukui mto wa mwanafunzi akamsukia, bali hukaa kando na kuuliza, Jozi hii yatoka wapi?

Lugha nayo si kizuizi kikubwa kama mtu awezavyo kufikiri. Walimu wa Ubelgiji walizoea kuchora njia za jozi kwa rangi, na wengine wengi wamezifuata: zambarau ni mshono wa nguo, kijani ni mshono wa wavu, nyekundu ni kupishanisha na kusokota mara mbili. Hivyo Mjapani aweza kukisoma kiolezo cha Mbelgiji bila neno moja kati yao.

Jioni kuna maonyesho ya lesi za kale na za sasa, na wauzaji wa nyuzi na vijiti hufungua meza zao. Hapo mtu auangalie mfuko wake! Vijiti vya Kiingereza vina shanga mwishoni, navyo vyapendeza kuvitazama. Lakini mwenye vijiti mia tano na kiolezo kimoja hajawa fundi kwa hivyo.

Mtu aweza kutuuliza: Habari hizi zatuhusu nini sisi? Twamjibu kwa swali. Katika usharika wako, ni nani ajuaye kuanza mkeka wenye mapambo, na kuugeuza pembeni, na kuumaliza, wala si kusuka ukili mnyofu tu? Ana umri gani? Na ni msichana gani ameketi karibu naye mwaka huu, akasuka, akaambiwa afumue? Wazee wa kanisa na viongozi wa wanawake wanaweza kuyauliza hayo katika kikao kimoja, na kuyaandika majina. Darasa la siku tatu chini ya mwembe halina gharama ya safari ya Ljubljana.

Neno la mwisho ni la safari ya kurudi. Siku ya kufunga madarasa, karibu hakuna aliyemaliza kazi yake, wala halikuwa kusudi. Mwanafunzi asizichomoe pini. Avifunge vijiti vyake mafungu mafungu kwa utepe, kwa mpango uleule uliokuwa juu ya mto, azikandamize pini za nyuma mpaka vichwa viguse kiolezo, afunike yote kwa kitambaa na kukifunga chini ya mto kisilegee. Na kabla hajaondoka aandike kando ya kiolezo, kwa mkono wake mwenyewe, tundu alilofikia na jozi ifuatayo, kwa kuwa baada ya wiki mbili hatakumbuka.