Mama, kijana wako hajarogwa

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 23 na ni mwendeshaji bodaboda hapa Keroka. Siku tatu hajalala wala kula. Anajikuna mikono hadi damu akidai kuna wadudu chini ya ngozi, na usiku anaona watu wakimvizia kwenye migomba. Rafikiye amenidokezea kwamba wanavuta aisi. Majirani wanasema amerogwa, tena wanamtaja bibi kizee mmoja. Nifanyeje?
Mama, Keroka

JIBU: Mama, rafiki huyo amekufaa sana. Aisi ni methamfetamini, na yote uliyoniandikia yanalingana na kazi yake. Huufanya ubongo umwage dopamini, kemikali ya raha na uchangamfu, kupita kiasi. Athari yake hudumu saa 8 hadi 12, ndiyo maana anayesaka riziki usiku huiona msaada, akavuta tena kabla hajalala. Ubongo ukikeshwa hivyo huona na kusikia visivyokuwapo. Hao ndio watu wa migombani.

Jina la bibi huyo lisitajwe tena nyumbani mwako. Oktoba 2021, humu humu Kisii, kule Marani, akina mama wanne wakongwe waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Nakusihi, waambie majirani ukweli hata ukiona aibu.

Leo hii mpeleke Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Aandamane na mjomba au mtu anayemsikiza. Msimfunge kamba wala kumzingira, maana mwenye hofu hupigana. Pikipiki asiiguse. Mwili ukimwaka moto, kifua kikimuuma au akishikwa na degedege, msingoje kupambazuke: aisi huweza kusimamisha moyo wa kijana au kupasua mshipa kichwani.

Wapo watakaokushauri utafute methadoni. Hiyo ni ya waraibu wa heroini, kwa aisi haisaidii. Atapewa dawa za kumtuliza, halafu ushauri nasaha wa miezi kadhaa. Akiacha kuvuta atalala mno, atakula mno, kisha huzuni nzito itamwingia. Familia nyingi hapo hudhani yamekwisha, zikamwacha peke yake, na hapo ndipo wengine hujitoa uhai. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya kupulizia mboga zifungie kwa jirani unayemwamini, na usiku asilale chumba cha peke yake.

Simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na hailipishwi. Ipige hata kabla hamjatoka nyumbani.