Elimu Maalum Marekani: Mzazi Aanzie Wapi

Familia nyingi za Kikongo zilizohamia Louisville, Lexington au Houston zinamjua mwalimu wa darasa, mkuu wa shule, hata dereva wa basi la njano. Wasiyemjua ni mkurugenzi wa elimu maalum wa wilaya ya shule, na ndiye mwenye kauli kubwa kuhusu huduma za mtoto mwenye ulemavu. Hakai shuleni. Ofisi yake iko makao makuu ya wilaya, na chini yake wako wanasaikolojia, wataalamu wa matamshi, wasaidizi wa darasani na bajeti yao wote.

Sheria anayoisimamia ilipitishwa mwaka 1975, ikapewa jina la IDEA mwaka 1990. Inamhakikishia mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, elimu ya bure inayomfaa, na inaitaka wilaya yenyewe iwatafute watoto hao. Hati za uhamiaji zisikutie hofu: tangu 1982 Mahakama ya Juu ilishaamua kwamba mtoto hafungiwi mlango wa shule ya umma kwa kukosa hati.

Fedha ni jambo jingine. Kwa kila mtoto mwenye ulemavu, serikali kuu iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama za kumsomesha mwanafunzi mmoja, na leo inatoa chini ya nusu ya ahadi hiyo. Kwa hiyo karibu kila mkurugenzi anabana matumizi. Mwonee huruma ukitaka, lakini "hatuna fedha" si sababu halali ya kumnyima mtoto huduma anayoihitaji.

Maneno ya mdomo pale getini hayakufikishi mbali. Andika barua au baruapepe kwa mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi, uweke tarehe na ubaki na nakala yako. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, ilimradi maana iwe hii: "Naomba mwanangu, wa darasa la pili, apimwe kuona kama anahitaji elimu maalum. Herufi hazimkai, na mara nyingi akiitwa hasikii. Naomba mkalimani wa Kiswahili." Baada ya hapo wilaya ikuletee fomu ya ridhaa, au ikatae kwa maandishi na kutoa sababu. Siku zinaanza kuhesabiwa ukishatia sahihi fomu hiyo, si siku uliyolalamika. Sheria ya taifa inatoa siku 60, ila majimbo yana hesabu zao. Kentucky huhesabu siku za shule tu, hivyo likizo hazimo.

Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu apimwe kwa lugha anayoielewa, kadiri inavyowezekana. Kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu. Na kinyume chake ni kweli: ukiambiwa "tusubiri kwanza ajue Kiingereza," usikubali, maana kuchelewesha vipimo kwa sababu hiyo hakuruhusiwi.

Akionekana anastahili, kinaitishwa kikao cha kuandika mpango wake binafsi, yaani IEP. Kentucky kikao hicho hukiita ARC, Texas ARD. Mkalimani ni jukumu la wilaya, na dada yake mtoto asifanywe mkalimani. Hapa ndipo adabu zetu zinapotuponza. Tumelelewa kumwitikia mwalimu "ndiyo, mwalimu," lakini mezani pale kuitikia huchukuliwa kuwa kukubali. Ukipewa karatasi, uliza: sahihi hii ni ya mahudhurio au ya ridhaa? Unaweza kuibeba nyumbani ukasomewe. Angalia pia namba. "Atasaidiwa matamshi inapohitajika" hakukupi cha kudai; "dakika 30, mara 2 kwa wiki" kunakupa.

Msipoelewana, mwandikie mkurugenzi moja kwa moja. Ikiwa hukubaliani na vipimo vya wilaya, unaweza kuomba vipimo huru kwa gharama yao. Wakikataa, wao ndio waende mbele ya msikilizaji wa mashauri kuthibitisha kwamba vyao vinatosha. Njia nyepesi zaidi ni kulalamika kwa idara ya elimu ya jimbo ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litendeke. Kwa kawaida majibu hutakiwa ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwasaidia wazazi bure kinacholipiwa na serikali kuu. Watu wa vituo hivyo wameshaziona barua nyingi za wilaya, basi wapigie kabla ya kikao.

Wengi wetu huhama kufuata kazi au ndugu. Mkihama, nakala ya IEP ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kadi za chanjo, si ndani ya maboksi. Ukiionyesha siku ya kuandikisha, wilaya mpya inawajibika kumpa mtoto huduma zinazolingana na zile alizokuwa akipata, huku ikiandaa mpango wake yenyewe.