Litambue Gugumaji Kabla Halijaenea

Ua lake hupendeza, na ndiyo maana wapo wanaolichukua kwenda kulipamba bwawa la nyumbani. Lakini gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, ndilo lililofunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, miaka ya 1990, likawafungia wavuvi njia.

Wakazi wa Kilifi wana sababu ya kulijua. Bwawa la Nairobi limesumbuliwa na gugu hili kwa miaka mingi. Maji yake hushuka kwa Mto Ngong hadi Mto Nairobi, kisha Athi, Galana na mwishowe Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Gugumaji halistahimili maji ya chumvi, ila mito, mabwawa ya mifugo na maziwa kama Jilore ni maji baridi.

Alama za kulitambua

1. Huelea, halijashikwa na udongo wa chini.
2. Majani ni ya mviringo, manene, yanayong'aa, na husimama juu ya maji.
3. Kikonyo cha jani kimevimba. Ukikikata, ndani ni kama sifongo iliyojaa hewa. Mimea ikisongamana, vikonyo hurefuka na uvimbe hupungua.
4. Mizizi ni myeusi au ya zambarau, nayo huning'inia kama manyoya.
5. Ua ni la zambarau hafifu, lina petali sita, na ya juu ina doa la manjano.

Usilichanganye na yungiyungi. Jani la yungiyungi hulala bapa juu ya maji, lina mpasuko hadi kwenye kikonyo, na mizizi yake imo topeni.

Ukiliona

Usingoje. Katika hali nzuri, linaweza kuongezeka maradufu kwa takriban wiki mbili. Piga picha, andika mahali ulipoliona, kisha mjulishe msimamizi wa wadi yako. Kama ni miche michache, ing'oe pamoja na mizizi, uianike nchi kavu mbali na maji hadi ikauke kabisa. Usinyunyize dawa: maji hayo hunywewa na watu na mifugo.

Rudi ukague tena baada ya mvua, kwani mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikiwa hai. Wavuvi na wakulima nao wasafishe nyavu, madau na mipira ya pampu kabla ya kuhamia maji mengine. Kipande kimoja chatosha kuanzisha shamba zima.