Kozi za Lugha za Kusikiliza: Mlaji Apime Nini Kabla ya Kulipa

Kozi ya lugha ya kusikiliza ni bidhaa kama bidhaa nyingine: ina mtengenezaji, muuzaji, bei na ahadi. Tofauti yake ni kwamba kasoro zake hazionekani upesi. Kiatu kibovu huachia soli ndani ya wiki mbili. Kozi mbovu hugundulika miezi kadhaa baadaye, mlaji anapokaa mbele ya mtahini, au anapofika ugenini na kuambiwa neno la kwanza asilolielewa. Katika sura hii tunaeleza namna bidhaa hizi zinavyofanya kazi, mahali zinapoweza kumfikisha mlaji, na mambo anayopaswa kuyathibitisha kabla fedha hazijamtoka.

Biashara yenyewe si ngeni. Kampuni ya Linguaphone ilianzishwa London mwaka 1901, na tangu wakati huo masomo ya aina hii yamehama kutoka chombo kimoja hadi kingine: santuri, kanda, sidii, na sasa faili za sauti ndani ya simu. Chombo kimebadilika kuliko kilichomo.

Sauti na ukimya

Kozi nzuri ya kusikiliza haimsomei mwanafunzi orodha ya maneno. Humwuliza, humwachia sekunde chache za kimya ili ajibu kwa sauti yake mwenyewe, kisha humsikilizisha jibu sahihi. Baadaye neno lile lile humrudia katika sentensi nyingine, wakati ambapo limekwisha kuanza kumtoka. Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, Paul Pimsleur, alichapisha makala yenye ratiba ya kumkumbusha mwanafunzi neno jipya: baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na hatimaye miaka 2. Kozi zinazobeba jina lake zimejengwa juu ya wazo hilo, na watengenezaji wengine wamelifuata kwa namna zao.

Kutokana na hayo tunapata kipimo cha kwanza, ambacho hakihitaji utaalamu wowote. Omba somo la majaribio. Kaa na kalamu, sikiliza kwa dakika 10, na weka alama kila mara unapotakiwa kusema kabla ya kupewa jibu. Dakika 10 zikipita na alama hazizidi mbili au tatu, ujue unauziwa kitabu kilichosomwa kwa sauti. Kitabu cha namna hiyo nacho kina manufaa yake, lakini kisiuzwe kwa bei ya kozi. Na muuzaji asiyekubali kutoa hata somo moja la majaribio amekwisha kukupa taarifa muhimu kuhusu bidhaa yake.

Kuna jambo moja ambalo hata kozi iliyo bora haiwezi kulifanya: kukusikia. Ukitamka vibaya, sauti iliyorekodiwa itaendelea na somo kana kwamba umepatia. Baadhi ya programu za simu hudai kusahihisha matamshi, na huenda zikasaidia kiasi, lakini mlaji asiache kutafuta mtu wa kumsikiliza walau mara moja kwa wiki.

Hesabu ya saa

Tangazo la kawaida huahidi kwamba mnunuzi atazungumza lugha fulani “kwa ufasaha ndani ya siku 30”. Tuifanyie hesabu ahadi hiyo. Muundo uliozoeleka ni wa masomo 30 kwa ngazi, kila somo dakika 30. Ngazi moja basi ni saa 15. Mlaji akinunua ngazi tano na kuzimaliza zote bila kuruka hata somo, atakuwa amesikiliza saa 75.

Sasa tuziweke saa hizo kando ya kipimo kingine. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wa nchi hiyo lugha za kigeni, ijulikanayo kwa kifupi kama FSI, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji takriban saa 900 za darasani ili afikie uwezo wa kufanya kazi kwa Kijerumani. Kiswahili chetu kimo katika kundi hilo hilo. Kwa Kiarabu makadirio ni takriban saa 2,200. Wanafunzi hao wana mwalimu mbele yao, na kusoma ndiyo kazi yao ya kutwa. Makadirio hayo hayakufanywa kwa ajili ya mwanafunzi wa Tabora au Pemba. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba saa 75 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya safari ya Kijerumani. Wengi wetu tumesoma Kiingereza darasani kwa miaka mingi na bado tunasita tukipigiwa simu na mgeni. Hatuna sababu ya kuamini kwamba Kijerumani kitatuhurumia.

Hatusemi kwamba saa 15 ni bure. Ndani yake mtu anaweza kujifunza kusalimia, kuuliza njia, kununua chakula na kujieleza kwa ufupi, tena kwa matamshi yanayoeleweka. Hiyo ni faida halali. Kosa ni kuiita ufasaha.

Mtihani una sehemu nne

Wanunuzi wengine hawasomi lugha kwa kujiburudisha. Mume au mke anayetaka kumfuata mwenzake Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida hutakiwa tangu mwaka 2007 kuonyesha kwamba anajua Kijerumani cha msingi, yaani ngazi ya A1, ingawa sheria ya huko ina misamaha yake. Herufi na tarakimu hizo zinatoka katika kipimo cha lugha cha Ulaya, ambacho huanzia A1 na kuishia C2.

Tumchukulie mama mmoja anayejiandaa kwa mtihani wa A1 wa Goethe-Institut. Amenunua kozi ya kusikiliza tu. Kila siku anasikiliza akiwa jikoni, anarudia kwa sauti, na watoto wamekwisha kuanza kumwiga. Mtihani wake una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina pointi 25, na ili afaulu anahitaji pointi 60. Tuseme anapata pointi zote za kusikiliza na zote za kuzungumza, jambo ambalo ni nadra hata kwa wanafunzi hodari. Ana pointi 50. Asipopata kitu katika kusoma na kuandika, ameanguka, na kozi haikuwa na kasoro yoyote ila moja: haikuwa ya mtihani huo.

Hasara yake haiishii kwenye bei ya kozi. Kuna ada ya mtihani, nauli ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi, na miezi mingine ya kuishi mbali na mwenzake. Kwa ngazi ya B1 jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kila sehemu hupimwa peke yake na kila moja hutaka pointi 60 kati ya 100. Alama nzuri za kuzungumza haziokoi alama mbaya za kuandika.

Kwa hiyo muulize muuzaji kwa maandishi: kozi hii inamfikisha mwanafunzi ngazi gani, katika stadi zipi kati ya nne? Jibu la “utaongea vizuri sana” si jibu. Muuzaji akisema “A1 nzima”, mwombe akuonyeshe mazoezi ya kuandika.

Kiarabu kipi?

Kwa wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, swali la kwanza ni aina ya Kiarabu kinachouzwa. Kozi nyingi hufundisha Kiarabu sanifu, kile cha vitabu na taarifa ya habari. Nyingine hufundisha Kiarabu cha Misri. Nyumbani kwa mwajiri huko Ghuba havizungumzwi hivyo. Chukua neno “sasa”, ambalo mfanyakazi wa nyumbani atalisikia mara nyingi kwa siku. Katika Kiarabu sanifu ni al-ana, Misri ni dilwa’ti, na Ghuba utasikia al-hin. Aliyejifunza la kwanza pekee anaweza kuonekana mkaidi, kumbe hakuelewa.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji fulani, kwa sababu maneno mengi ya Kiarabu anayajua tayari, lakini mtaji huo una mitego. Neno rakhis, lililotupatia “rahisi”, kwao huhusu bei na si wepesi wa kazi. Tena ziko sauti za kooni ambazo Kiswahili hakina, nazo hazifundishiki kwa maandishi pekee. Hapa ndipo kozi ya kusikiliza huwa na thamani hasa, mradi iwe ya lahaja inayohitajika. Kama jalada au tangazo limeandika “Kiarabu” tu bila kutaja aina, uliza kabla ya kulipa.

Lugha ya maelezo

Kozi nyingi zinazojulikana zimeandaliwa kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Sauti inayoongoza somo huuliza kwa Kiingereza, na mwanafunzi hujibu kwa lugha anayojifunza. Asiyekimudu Kiingereza atakuwa anapigana na lugha mbili kwa malipo ya moja. Matangazo yetu ya Kiswahili hayalitaji jambo hili mara zote, na tunaliona kuwa upungufu mkubwa.

Kuhusu malipo

Ukinunua nakala katika memori kadi au flashi, fungua faili zote dukani na uhesabu masomo. Nakala za bandia mara nyingi huwa na masomo pungufu, mpangilio uliovurugika, au hukosa kijitabu kinachotakiwa kuambatana na sauti. Kwa programu za simu, soma kama malipo ni ya mara moja au yanajirudia kila mwezi. Kipindi cha majaribio “bila malipo” kikishapita, usajili mwingi hujihuisha wenyewe, na kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato; ni lazima usajili wenyewe usitishwe. Angalia pia kama masomo yanapakuliwa mara moja au yanakula bando kila unaposikiliza.

Kabla ya hayo yote, tazama vinavyopatikana bure. Deutsche Welle hutoa masomo ya Kijerumani yenye sauti bila malipo, na BBC hufanya hivyo kwa Kiingereza. Kozi za zamani za FSI, zenye saa nyingi za sauti, ziko huru kwa umma kwa kuwa zilitengenezwa na serikali ya Marekani. Msamiati wake umechakaa kidogo, lakini mazoezi yake ni imara. Mtu akikuuzia kozi hizo, jua kwamba unachomlipa ni kazi ya kunakili tu.

Ukiona umepotoshwa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kujihusisha na mwenendo wa kupotosha au kuhadaa. Muuzaji aliyeahidi cheti kinachotambuliwa wakati hakipo, au aliyetaja idadi ya masomo isiyo ya kweli, anaweza kulalamikiwa. Anza kwake mwenyewe kwa maandishi, eleza ahadi ilikuwa nini na ulichopokea ni nini, na mpe muda wa kujibu. Asipojibu, leta malalamiko kwetu pamoja na risiti au ujumbe wa muamala wa simu, mawasiliano yenu, na tangazo lenyewe. Tangazo ndilo linalosahaulika zaidi, na la mtandaoni huweza kufutwa siku yoyote. Lipige picha siku unayolipa, likiwa na tarehe na jina la muuzaji, hata kama bado humshuku kwa lolote.