Vijana wana kasi, mbona wanafungwa?

SWALI: Timu yetu ya vijana ya mpira wa kikapu ina kasi na inakaba vizuri, lakini robo ya nne tunapoteza mipira ovyo na kuzidiwa ribaundi. Msimu ndio kwanza umeanza. Tubadili kikosi?

JIBU: Msibadili bado. Timu ya Marekani ya Oklahoma City Thunder ya msimu wa 2008/09, Kevin Durant na Russell Westbrook wakiwa chipukizi, ilishinda mechi 3 tu kati ya 32 za mwanzo. Msimu uliofuata ilishinda 50, nguzo zikiwa walewale.

Kasi mnayo, kinachopungua ni utulivu. Mazoezini, chezeni dakika 5 za mwisho mkiwa mmeshachoka. Kwenye ribaundi, kila mchezaji amzuie kwanza mpinzani wake kwa mgongo, ndipo aruke.